Pa Kulaza Ubavu

Tulitoka Maskati Alhamisi, alasiri imekwisha saliwa,
karavani ya kukodi nyuma yetu ikiyumba
kama biharusi aliyeazimwa viatu.
Mundhir na hema lake juu ya paa la gari,
kamba ameikaza mara nne, mara tano, akinikejeli:
"Shemeji, unakwenda jabalini na kabati la vyombo!"
Nikamwambia, "Mgongo wako utanijibia asubuhi."

Mama mkwe, Bi Thuwaiba, kiti cha mbele, kimya,
chupa ya kahawa mapajani,
milima akiihesabu kwa midomo.

Simu ilituonyesha kihema cha kijani
kando ya doa la buluu.
Tulipoipita Kuriyati mtandao ukakatika,
kihema kikaganda kiooni
kama nzi ndani ya asali.

Pahala pa kwanza palituita penyewe.
Sakafu ya bonde, mchanga mwororo,
migunga miwili ya kivuli, na kidimbwi
chenye visamaki vya kudonoa nyayo.
Watoto walikwisha vua viatu.
Ndipo akatokea mtu na mbuzi kumi na mmoja,
akatuamkia kwa utaratibu: habari za watoto,
habari za njia, habari za huko mtokako,
kisha akanyoosha bakora juu ya vichwa vyetu.
Katika ufa wa jabali, kimo cha watu watatu,
kuti la mtende limenasa,
na kandambili moja, ya mguu wa kushoto.
"Maji ndiyo yaliyoipandisha," akasema.
"Na hapa siku ile halikudondoka tone."

Tulikunja hema.
Hapakuwa na wa kumkejeli mwenziwe.

Pahala pa pili, juu ya bwawa la Dayqa:
nyasi zilizokatwa, taa, vibanda vya kupumzikia,
na ziwa limelala chini
na mlima mzima tumboni mwake.
Mlinzi alitupa chai, nafasi hakutupa.
"Hapa watu hutazama. Hawalali."
Akatuonyesha kwa kidevu njia ya mawe.

Njia! Tulisukuma karavani kwa mabega,
sahani zikilia ndani, mtoto akilia nje,
mpaka ubao wa mwamba, upana wa ua wa nyumba,
maji yanaonekana kwa mbali, kipande tu,
kama kioo kilichosahauliwa dirishani.
Giza liliingia pamoja nasi.

Mwamba haukukubali kigingi.
Sita vilipinda mmoja baada ya mwingine,
upepo ukashuka mlimani bila kubisha hodi,
na Mundhir akabaki kalikumbatia hema lake
kama mtu anayemzuia mlevi asigombane.
Sote tukisema kwa pamoja, hakuna anayesikia,
Bi Thuwaiba akateremka, chupa ingali mkononi:
"Si mna gurudumu?"

Basi tukalifunga hema kwenye gurudumu la karavani,
upande wa pili tukakandamiza mawe.
Tukala mishkaki iliyoungua nje, mibichi ndani,
tukaisifu.

Kitanda cha karavani, shuka mpya, mto wa pamba,
nilimpa mama mkwe kwa heshima zote.
Mimi nililala nimekaa, usukani kifuani.

Alfajiri nikaenda kumwamsha kwa sala.
Nikagonga, nikaingia:
kitandani Mundhir, na soksi zake,
anakoroma kama pampu ya kisima.
Bi Thuwaiba nilimkuta mlangoni mwa hema,
wajukuu wawili kulia, mmoja kushoto,
miguu ameitoa nje, juu ya mwamba,
macho wazi.
"Usiwashe taa," akaninong'oneza.
"Bado nyota saba sijazimaliza."

Vigingi vile sita vilivyopinda
viko droo ya jikoni kwetu, pamoja na vijiko.
Nimetaka kuvitupa mara mbili.
Hataki.