Mikono ya Kiti

Alikuja daktari wa meno, mstaafu kutoka Villach,
akaizunguka mara tatu kama anayenunua ng'ombe,
akaminya tairi kwa kidole gumba,
akahesabu noti juu ya tandiko.
Vojko hakuzihesabu tena. Alizikunja,
akaingia bafuni, akafungulia maji muda mrefu.

Kilo mia nne, ukitia masanduku na redio.
Mwaka jana ililala pale Tolmin, kwenye kituo cha petroli,
polepole, kama mzee anayetafuta kiti kwa makalio,
na vijana wawili wakainyanyua huku wanatafuna.
Vojko akasimama kando, akijifanya anakagua breki,
magoti yake ya miaka sitini na mbili yakitetemeka.
Mimi nilijua siku ileile kwamba itauzwa.
Yeye ilimchukua majira mawili.

Lakini nilitendee haki lile jitu:
nyuma palikuwa pangu. Egemeo la mgongo,
mikono miwili ya kiti, pa kuweka kikombe,
joto la umeme chini ya mapaja.
Kati ya Kranj na Trieste nilifuma soksi,
mguu mmoja wakati wa kwenda, mwingine wakati wa kurudi.
Kroatia yote niliisinzia.
Kiti kilinikumbatia, mume akaendesha,
kila mmoja na kazi yake.

Miaka kumi na moja.

Hii mpya ni ya bluu, kiuno cha nyigu.
Haingurumi; inapiga mluzi, meno yamebana.
"Bado ni ya safari," Vojko ananiambia, "tazama, masanduku."
Na kweli yapo, mawili,
ya kutosha mswaki na hasira.
Kiti changu kimebaki upana wa mkate.
"Nishike wapi?"
Alikuwa ameshavaa helmeti. Hakujibu,
au helmeti ililimeza jibu.

Barabara ya Vršič ina kona hamsini, zote zina namba.
Ya kwanza, nilishika kile kijichuma cha nyuma.
Ya nne, nilishika jaketi lake kwa vidole viwili,
kama mtu anayeokota leso isiyo yake.
Ya nane, penye kikanisa cha mbao,
kona zile zimetandikwa mawe, na mawe yalikuwa na umande,
akailaza pikipiki hadi ningeweza kuokota sarafu chini,
na mikono yangu, bila kuniomba ruhusa,
ikaenda yenyewe.

Kumbe amekonda.
Au nilikuwa sijui.
Ndani ya ngozi ile mlikuwa na mtu:
mbavu zinajaa, zinakaza kabla ya kona,
zinalegea baada yake. Nikaijua breki kabla ya breki.
Alipolala kushoto, nililala kushoto.
Kwenye lile jitu ningelala popote, lisingejali.
Hii inajali. Ukipiga chafya, inaiandika barabarani.

Ya ishirini na nne, kileleni,
kondoo wamejilaza katikati ya lami kama wenye hati ya kiwanja.
Akazima. Chuma kikawa kinapoa, tik, tik.
"Vipi?"
Nikasema mgongo unaniuma, na ni kweli.
Nikasema vidole vimekufa ganzi, na ni kweli.
Nikasema humu hata soksi haifumiki.
Akacheka, akageuka, uso mwekundu kwa upepo,
uso wa yule fundi wa lifti za skii
aliyelikosea jina langu mara mbili
mwaka ule wa theluji nyingi.

Zilibaki kona ishirini na sita za kushuka hadi Trenta.
"Tupumzike kwanza, Zdenka?"
"Washa," nikasema.

Nyumbani, ndani ya kikapu, kuna soksi ya mguu wa kushoto.
Ya kulia itasubiri baridi.