Kibiriti Upele

Baba alipoteza pua kabla ya kupoteza kazi.
Ndiyo tabia ya gesi ile ya visimani:
hubisha hodi kwa harufu ya yai viza,
kisha humziba mwenye nyumba pua
ipate kuingia kimyakimya.
"Ukiinusa, shukuru," alitufunza.
"Ukiacha kuinusa, kimbia."
Serikbol, mwenzake wa zamu, aliacha kuinusa
Februari moja, theluji ikiwa magotini.
Hakukimbia.

Huku kaskazini mwa Kaspi
mwenge wa kiwanda hauzimwi.
Nauona dirishani nikiwa maabara,
mbele ya kisanduku cha kioo
kisichozidi ukubwa wa mkate:
vyumba viwili, utando katikati,
mwembamba kama ganda la kitunguu.
Chumba hiki kina maji ya chuma,
rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Naipuliza gesi humo.
Chuma kinaipokonya elektroni,
kinakwenda kuzitua kwenye elektrodi,
kinarudi mikono mitupu, kubeba tena,
kibarua asiyeuliza mshahara.
Ng'ambo ya utando, viputo:
haidrojeni, safi, haina harufu kwa yeyote.

Nisikudanganye, haikuwa rahisi.
Salfa iling'ang'ania elektrodi kama ukoko,
mkondo ukafa, nikakwangua,
ukafa tena.
Mara ya kumi na tisa niliapa kwa lugha mbili,
mlinzi akaja kuuliza kuna nini.
Ya ishirini, nilibadili kasi ya maji tu,
na alfajiri unga wa manjano
ulikuwa umetua chini, mtulivu.

Kikombe kimoja, mavuno ya miezi minne.
Nikampelekea baba ndani ya chupa ya jamu.
"Ndiye huyu?"
"Ndiye."
Akaisogeza chupa puani, kwa mazoea.
Akangoja.
Akaishusha.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza haidrojeni,
magari, mbolea, bei ya umeme.
Hakuuliza.
Alichota mafuta ya mkia wa kondoo,
akakoroga unga wangu kwa kidole,
akaenda zizini kwa yule jike mwenye upele,
akampaka mgongo mzima
akimkemea: tulia, Maqpal kakesha kwa ajili yako.

Mezani usiku ule, vidole vyake
vilikuwa vya manjano hadi kwenye kucha.
Mama alileta birika na beseni.
Akaficha mikono chini ya meza.
"Serikbol angecheka sana," akasema,
asinawe.