Inchi Mbili za Arvo

Getini hakuna mtu siku hizi.
Kuna kisanduku cha chuma chenye mdomo mwembamba
na bahasha za kaki: andika namba ya gari,
tia dola zako, lamba, dumbukiza.
Baba anakitazama kupitia kioo
kama mtu aliyeonyeshwa mrithi wa kazi yake
akakuta hana hata kofia.

Miaka thelathini na mmoja alilinda Ziwa Halvor.
Julai alipuliza filimbi watoto walipovuka maboya.
Oktoba alifagia vijia kwa ajili ya wageni wa Detroit
waliokuja kupiga picha wekundu wa miti;
kesho yake majani yalirudi, naye akarudi.
Na Januari, kunguru hawajaamka,
alishuka ziwani na keekee begani,
akatoboa, akachovya rula,
akapanda kuandika kwa chaki ubaoni:
BARAFU LEO, INCHI
na idadi.

Mji mzima uliishi kwa idadi ile.
Loretta wa chambo alifungua duka, au hakufungua.
Wavuvi waliburuta vibanda vyao vya mbao,
kila kimoja na jiko lake na kiti kibovu,
na watoto wa akina Niemi
walifunga viatu vya kutelezea kwa meno.

Wasemao maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga
hawajaona maji ya kuvaliwa:
soksi mbili, suruali tatu, sweta la marehemu bibi.
Nina miaka sita, nilitembea juu ya pale pale
nilipofundishwa kuogelea,
nikainama, nikapangusa theluji,
nikachungulia kama bado nimo.

Delbert Ruona hakusoma ubao.
Au alisoma, akasema Arvo ni mwoga.
Pikapu yake ilizama polepole, kwa adabu,
taa zikiwaka.
Yeye alitokea dirishani, chupa ya chai mkononi.
Mwezi wa Mei walipoivuta nje
kulikuwa na sangara kwenye kiti cha dereva;
ndivyo asemavyo Delbert, na kila mwaka
sangara yule hunenepa.
Baba hakusema neno.
Alifuta ubao, akaenda kutoboa pengine.

Leo magoti yake yamegomea mteremko.
Nimeshuka na mwanangu Emmett,
na keekee ya betri inayolia
kama nyigu ndani ya kopo.
Misonobari imebeba theluji tangu juzi;
mara tawi moja linachoka, linatua mzigo,
linabaki likitikisika peke yake.
Katikati ziwa likaguna,
mguno mrefu ulioanzia ng'ambo
ukapita chini ya nyayo zetu, ukaenda zake.
Emmett akanishika mkono.
Kisha akauachia. Ana miaka kumi na miwili.

Rula: kumi na moja.

Baba alishusha kioo vidole vitatu tu.
"Ngapi?"
"Kumi na moja, babu."
"Andika tisa."
"Lakini babu, nimepima mara..."
"Tisa. Siku zote nilipunguza mbili.
Mbili ni za Delbert."

Ubao wenyewe uling'olewa zamani.
Emmett akaandika kwa kidole
kwenye ukungu wa kioo cha nyuma: 9.

Nami nimesimama hapa, vidole vya miguu vimekufa ganzi,
napekua hesabu za zamani.
Siku ya harusi yangu, tai imemkaba,
alinitazama toka shela hadi viatu,
akasema, "Si mbaya."
Ukumbini mwa hospitali, mama akiwa chumba cha pili:
"Tutazoea."
Barua aliyoniandikia chuoni, mistari minne,
mitatu ya hali ya hewa,
na wa mwisho: "Barabara inateleza, usije kwa haraka.
Nimekuwekea samaki."

Naanza kuongeza mbili.
Kila mahali, mbili.