Kanuni ya Asiyekuwepo

Alhamisi, saa mbili usiku, Kirumba,
juu ya duka la Rweyongeza la kutengeneza redio,
tunatandaza ramani iliyochorwa nyuma ya kalenda ya mwaka juzi.
Dadu zipo. Karanga zipo. Kabula amekuja na sare ya Bugando,
zamu yake inaanza saa nne, kwa hiyo, anasema,
joka life kabla ya hapo.

Mafuru hayupo.

Toleo la kwanza la kitabu, lile la fotokopi
lenye duara la kikombe cha chai ukurasa wa tisa,
lilikuwa na jibu la mkato: asiyekuwepo na lake halipo.
Mhusika wake abaki kambini, achunge punda,
asipate dhahabu, asipate jeraha.
Tulicheza hivyo miaka miwili.
Punda wale walichungwa!
Kila msimu wa mitihani walikuwa na wachungaji watatu.

Toleo la pili likaja na huruma, na hesabu:
mwenzake amshikie karatasi,
amtembeze, amrushie dadu, amtunzie nusu ya mavuno.
Ndipo Hasanati akamshika Bi Nondo,
mhunzi mzee wa Mafuru, jicho moja, matusi mengi,
akamtanguliza darajani kupima kama mbao zina nguvu.
Hazikuwa nazo.
Wiki iliyofuata Mafuru alirudi na sato wa kukaanga,
akauliza, "Bibi yangu yuko wapi?"
Tulikula kimya kimya, tukitoa miiba mmoja mmoja.
Kisha tukarudisha wakati nyuma.
Kitabu hakiruhusu. Tukarudisha.

Toleo la tatu, jalada gumu, tumelichangia watu watano,
linasema mhusika afifie kama ukungu,
akae pembeni mwa hadithi bila njaa wala umri,
na mwenyewe akirudi, aingie katikati ya sentensi
kana kwamba alikuwa amechuchumaa tu,
anafunga kamba ya kiatu.

Ni kanuni nzuri. Nimeisoma mara nyingi.
Ila mimi ndiye msimulizi, na ninajua
kilichomo mfukoni mwa Bi Nondo:
mkaa, uzi wa katani, na ufunguo pekee wa lango la mawe,
lango nililolichora kwa kuiga majabali ya Capri Point,
ambalo wenzangu wanaligonga tangu Machi.
Asiyekuwepo, lake lipo.
Lake ndilo lililotufungia hapa.

Mwanzoni tulisema ni foleni ya kivuko, pale Kigongo,
maana alihamia Sengerema kufundisha hesabu.
Tulikilaumu kivuko kwa raha, kama watu wanavyolaumu mvua.
Kisha daraja likafunguliwa.
Wiki ya kwanza tulimwekea kiti.
Ya pili pia.
Daraja halina adabu: linavunja visingizio
vya watu wawili kwa mpigo,
anayengoja na anayengojwa.

Rweyongeza anataka tuvunje lango, dadu ikitua kumi na nane kwenda juu.
Hasanati, ambaye tangu kisa cha mbao hamgusi tena bibi yule,
anasema tuzunguke mlima, hata ikichukua mwaka.
Kabula anatazama saa.
Dirishani upepo unapandisha harufu ya dagaa wa mwaloni.

Naokota karatasi ya Bi Nondo. Penseli imefifia kwenye mikunjo.
Nguvu, kumi na mbili. Busara, saba.
Chini kabisa, kwenye mstari wa "Anachoogopa",
ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuusoma,
kwa ule mwandiko wake wa ubaoni:
*Madaraja. Niulizeni kwanza.*

Miezi mitano.
Tumeuliza vitabu vitatu.

"Unafanya nini?" anasema Rweyongeza. "Hiyo ni kanuni ya toleo lipi?"
Simjibu. Kabula ameuweka mkoba wake chini.
Naiweka simu katikati ya ramani, sauti juu,
hapo hapo mbele ya lango,
nayo inaita.