Wavu Wenye Mpini Mrefu

Saa kumi na mbili kasoro, wageni hawajaamka,
nashika wavu wenye mpini mrefu
nazunguka bwawa.
Majani ya mkungu. Kizibo. Nondo wawili.
Halafu wao.

Leo saba.
Wameelea kifudifudi, miguu imenyooka
kama watoto wanaojifunza kuogelea,
ngozi imepauka, nguo iliyosahauliwa kwenye jiki.
Juzi, baada ya mvua, walikuwa ishirini na wanne.
Msimamizi hataki mgeni aone hata mmoja.
Nawatia ndooni, nafunika kwa taulo.
Mwisho wa mwezi nalipwa. Sikatai.

Baba yangu, Shebwana, alisafisha visima vya Shela.
Alishuka kwa kamba, na kabla ya kugusa tope
aliwatoa vyura kwanza, mmoja mmoja, kwa kiganja.
Ndoo ikipanda mimi naipokea,
nawafunika kwa gunia bichi kivulini.
"Usiwachezee. Hao ndio wenye kisima,
sisi wapangaji."
Tope likiisha aliwarudisha kwa hesabu.
Siku moja hesabu ikapungua.
Baba akautazama mfuko wangu.
Mfuko ukaruka.

Miaka hiyo, masika yakianza,
kisima kizima kilikuwa koo.
Mwana Esha wa nyumba ya pili alilalamika hapati usingizi,
watu wakampa methali:
kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
"Ng'ombe yuko wapi Shela?" akauliza.
"Mimi nina punda, na kichwa kinaniuma."

Kisha vilima vya mtanga vikapimwa kwa kamba,
vile vilivyokunywa mvua polepole
na kututemea tamu upande wetu.
Zikaja kuta. Zikaja pampu,
na mabomba marefu kuliko kamba ya baba.
Maji matamu yakavutwa juu,
bahari ikasogea chini kwa chini
bila kubisha hodi.

Sisi munyu tuliujulia kwenye chai.
Chura hana kikombe, hunywa kwa ngozi:
aliujua kabla yetu,
tumboni, mgongoni, kwapani, kote.
Baba alishuka mara ya mwisho
akakaa huko chini kitambo.
"Hamna wa kuhesabu," alisema alipotoka,
akavaa shati lake, akakosea vifungo.

Nadhani walihama usiku,
wakifuata harufu ya maji kupanda kilima.
Wakaiona buluu. Nani asingeruka?
Hata mimi, siku ya kwanza kazini, nilitamani.
Dawa ile naipima mwenyewe, jioni, vikombe viwili,
na mkono unaopima ni huu huu
uliopokea ndoo.

Leo wa saba alikunja mguu.
Nilimtia kwenye mkebe wa Kimbo,
nikammiminia maji ya chupa aliyoisaza mgeni,
nikateremka naye chini ya kikoi
kama mwizi wa kuku.
Kisimani nilionja kwanza. Nikatema.
Punda wa Mwana Esha naye aliinusa ndoo
akageuza uso,
na hapakuwa na kelele yoyote ya kumzuia.

Nikampeleka kwenye birika la msikiti mdogo,
lile linalokinga mvua ya paa.
Athman Kupi, mwenye funguo, aliniona.
Akainama, akaanza kutafuta viatu vyake,
navyo alikuwa amevivaa.

Sasa ni usiku.
Pampu ya kilimani inanguruma, inanyamaza, inanguruma.
Inaponyamaza, anaita.
Anaita mmoja, kwa pumzi fupi,
kisha anaacha nafasi, kama mtu anayebisha mlango
na kutega sikio.

Ng'ambo ya ndia dirisha limefunguliwa.
Ni Mwana Esha, naona kitambaa chake cheupe.
Nimejilaza macho wazi,
nangoja alalamike.