Kuwahi

Miaka ishirini na mitatu nimeendesha tramu mjini Łódź,
na jambo la kwanza alilonifunza mzee Wawrzyniec,
kabla ya breki, kabla ya kengele,
ni kwamba kuwahi ni kosa kubwa kuliko kuchelewa.
Ukichelewa, abiria watakununia, kisha watapanda.
Ukiwahi, umemwacha mtu
anayekuja mbio, mkoba kwapani,
mtu ambaye saa yake ilikuwa sahihi.

Saa yangu ilikuwa sahihi.
Dripu ya mwisho: Machi, Jumanne, theluji chafu dirishani.
Wauguzi wawili wakanipigia makofi,
na mwanamke wa kudeki akaweka ndoo chini, naye akapiga.
Daktari Orzechowska akasema, sasa tuhesabu miezi.
Ikipita sita, hata ikirudi,
platini ile ile itakumbuka njia.
Platini! Nilicheka. Pete yangu ya ndoa ni fedha tu.

Imerudi Julai.
Nywele hazijazidi urefu wa njiti ya kibiriti,
tena zimeota za kujisokota,
mimi niliyezaliwa na nywele nyoofu kama mvua.
Skani ilinikuta ninajua.
Sketi ndiyo iliyoniambia: kifungo
kilichofunga vizuri Jumapili
kikakataa Alhamisi,
na nilikuwa sijala ila supu ya bitiruti.

"Haisikii platini tena," akasema daktari,
kama anayemshtaki mtoto mtukutu kwa mzazi wake.
Halafu lile lingine, polepole:
hatutafuti kuimaliza sasa, tunatafuta muda.
Mirosław akaandika *muda*
katika daftari lake la gharama za gari,
akalipigia mstari,
akasubiri aambiwe kiasi.

Dada yangu Bronka anapiga simu kutoka Gdynia.
Pigana, anasema, wewe ni simba.
Vidole vyangu vina ganzi tangu Februari,
blauzi nafungwa na mume wangu.
Simba gani huyo?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu nimpe jembe gani?
Kulima ndiyo kazi yake,
na shamba ni mimi.

Bi Halszka wa ghorofa ya pili alinikuta ngazini.
Umenawiri! Umepona kabisa?
Kabisa, nikasema.
Neno likanitoka kama tiketi mashineni.
Usiku ule nilikesha, na si kwa maumivu.

Kalina akauliza, Mama, niache chuo?
Nenda, nikamwambia. Ijumaa urudi na nguo chafu.
Akaudhika. Akaenda. Akarudi na mifuko miwili,
soksi za watu nisiowajua zimo ndani,
na nilizianika moja moja, kwa vidole visivyohisi maji,
nikiwa na furaha ambayo sina wa kumweleza.

Nilikuwa nimesahau somo la pili la Wawrzyniec.
Ukiona umewahi, alisema, usikimbie mbele kuficha.
Simama kituoni. Fungua milango. Kaa.
Lakini mzee, nilitaka kumwuliza, kama aliyewahi si mimi?
Alikwisha kufa. Mapafu.

Septemba tulikwenda msituni kuokota uyoga.
Siwezi kuinama, kwa hiyo nilikaa kwenye kigogo
nikielekeza kwa fimbo: pale. Na pale. Huo una sumu.
Mirosław akanung'unika kwamba naendesha hata miti.
Kesho yake ilikuwa dawa mpya, ya kila wiki.

Jana nimemngoja Bi Halszka ngazini.
Imerudi, nikamwambia. Mapema.
Hakunipa pole. Alitua mfuko wa viazi,
akaketi ngazi moja chini yangu.
Taa ya ngazi zetu hujizima kila baada ya dakika mbili.
Ikazima.
Akanyoosha mkono, akaiwasha.
Ikazima.
Akaiwasha.