Pingili Ishirini na Nne

Kazi yangu ni kutunga migongo.
Wengine hutunga shanga. Mimi, katika karakana ya Karviná
iliyo nyuma ya kiwanda cha bia,
natunga pingili za plastiki kwenye waya
ili wanafunzi wa udaktari wapate cha kushika.

Naanzia chini, kwenye kifandugu,
kimkia kilichosahau kazi yake,
juu yake sakramu, mifupa mitano iliyoshonana
hata haikumbuki kwamba iliwahi kuwa mitano.
Kisha tano za kiuno, nene, zenye mabawa:
ziambie ziiname, zitainama,
zilazimishe kugeuka, zinagoma.
Kumi na mbili za kifua, kila moja na jozi yake ya mbavu,
hizo zina adabu, husogea kidogo kidogo
kama watu kwenye benchi la kanisa.
Saba za shingo, ndogo, zenye udaku.
Mbili za juu kabisa ndizo zinazojibu watu,
ya kwanza kwa ndiyo, ya pili kwa hapana,
na kati yao siweki kisahani cha mpira.
Kwingine kote naweka.

Kwa mtu hai visahani hivyo hunywa maji usiku,
mchana hukamuliwa.
Ndiyo maana tunaamka warefu
na jioni tunarudi nyumbani tumepungua
unene wa kidole cha mtoto.

Baba yangu, Bohumír, alirudi amepungua
na hakurefuka tena.

Miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
na makaa yapo mvunguni mwa dunia,
tabaka lenyewe kimo cha meza,
naye amelala ubavu, keekee begani, vumbi kinywani.
Wenzake waliinama, wakainuka.
Yeye mfupa ulimshika palepale.

Daktari Hanušová alibandika picha kwenye taa.
Nikaona kitu ninachokijua kwa vidole
lakini bila viungo, kijiti kimoja, kimekunjwa.
"Si mgodi," daktari akasema. "Ni maradhi ya damu yenu."
Baba akacheka akitazama sakafu:
"Basi mgodi ulisaidia tu."

Sasa anawajua majirani kwa viatu.
Tarishi ni kamba nyekundu, padri ni soli iliyoachama.
Watu husema fulani kakubali shingo upande;
baba hana upande wa shingo.
Akikataa supu
lazima akatae na mabega, na kiuno, na kiti.

Novemba nilitunga mgongo mmoja nje ya oda.
Nilimimina gundi kati ya pingili, nikaukunja,
nikaukalia usiku kucha kama kuku.
Msimamizi Šrámek aliuinua mwangani,
akatafuta namba yake kwenye orodha, hakuiona.
Akakata bei yake kwenye mshahara wangu.
Nikaubeba nyumbani ndani ya mfuko wa mkate.

Baba aliupapasa kwa dole gumba, akihesabu.
Alipofika kiunoni akasita.
"Hapa umeninyoosha," akasema. "Mimi nimepinda zaidi."
Nikachemsha birika, nikaushikilia kwenye mvuke,
nikaukunja tena, naye akinielekeza:
bado, bado, hapo.

Kisha akaniuliza, kama anayeuliza bei ya viazi,
kama mnara wa mgodi ungali umesimama.

Nikamtoa uani, blanketi magotini,
na juu ya blanketi kioo chake cha kunyolea.
Nilikiinamisha huku, nikakiinamisha kule,
hadi mnara ukaingia, na gurudumu lake lisilozunguka,
na kunguru, wengi kuliko nilivyojua.
Hakusema neno. Mbavu zake, ambazo siku hizi hazipandi,
nilizisikia zikijaribu.

Theluji ikaanza.
Kwangu ilikuwa inashuka.
Ndani ya kioo ilikuwa inapanda, moja kwa moja, kumfuata,
na nilipotaka kukifuta
alinishika mkono.